Boti Aliyoipanda Mke wa Wa Juu

Kuna watu wanaolipwa kwa kubeba, wengine kwa kuuza, wengine kwa kusemasema tu ofisini. Wa Juu alilipwa kwa kutazama. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha mawe juu ya kilima kinachoitazama bandari, darubini shingoni, redio ya mkononi pembeni, akitafuta nyangumi. Akiona pumzi imeruka juu ya maji kama mvuke wa birika, anabonyeza redio na kumwambia nahodha aliyeko chini aielekeze boti wapi. Nahodha anakwenda, wageni wanapiga picha na kushangilia, kisha wanarudi kwenye meli yao ya kitalii wakiwa wameridhika. Yule aliyewatafutia nyangumi hawamjui, wala hawajui kwamba yupo.

Jina hilo alipewa gatini. Kwenye redio nahodha aliitwa Chini, yeye akaitwa Juu, na watu wa gati, ambao hawana dogo, wakamfanya Wa Juu hata anapokwenda dukani kununua sabuni. Wapagazi walikuwa wakimtania, "Aliye juu mngoje chini! Leo unashuka saa ngapi?" Naye alicheka nao, maana siku hizo bado alikuwa mtu wa kucheka.

Urefu haukumtisha. Ujana wake wote alikuwa mpaka rangi wa meli, akining'inia ubavuni juu ya ubao uliofungwa kwa kamba, na brashi ya mpini mrefu mkononi. Goti lake lilipoanza kuzikataa kamba, nahodha wa zamani wa boti ya nyangumi akamwambia, "Goti limekwisha, lakini macho bado mazima. Panda kilimani." Akapanda. Huko alijifunza kutofautisha povu la wimbi na pumzi ya mnyama, kivuli cha wingu na mgongo unaopita chini ya maji. Mkewe alikuwa muuza tiketi wa boti hiyohiyo, kwenye kibanda cha mbao pale wageni wanapoteremkia. Mke anauza, mume anaona. Binti yao wa pekee ameolewa mbali, nyumba imebaki ya watu wawili, na kazi pia ikawa ya watu wawili. Walikwenda hivyo miaka, bila kelele.

Kisha nahodha wa zamani akachoka na bahari, akaiuza boti, akaja nahodha mpya.

Tusimsingizie nahodha mpya. Alikuwa mtu wa kawaida, amefiwa na mke, shati lake limepigwa pasi, meno yake yapo yote. Kosa lake la kwanza lilikuwa hayo meno. Kosa lake la pili lilikuwa mto. Alimkuta muuza tiketi akijishikashika kiuno kwenye stuli ya mbao, na kesho yake akaja na mto wa kukalia, akauweka pale bila hotuba. Mama wa watu akashukuru, akakalia, jioni akamsimulia mumewe kama mtu anavyosimulia habari za hali ya hewa.

"Nahodha ameniletea mto. Mgongo leo umepumzika."

Wa Juu aliacha kutafuna. Miaka yote ile alikuwa anajua mkewe anauza tiketi, lakini hakuwahi kujiuliza anauza akiwa amekalia nini. Kesho yake akaenda dukani akanunua mto mkubwa zaidi, mwekundu, wenye pindo. Mkewe akaupokea, akaugeuzageuza, akauweka kwenye kiti cha sebuleni.

"Asante, baba watoto. Wa kazini ninao."

Hapo ndipo wivu ulipoingia, ukavua viatu, ukakaa.

Na mtu wa wivu mwenye darubini ni balaa. Wivu wa wengine hula kwa kusikia, huu ulikuwa unakula kwa macho, na macho hayana pazia. Kutoka kibandani aliweza kuiona bahari yote ya mbele, lakini akigeuza shingo kidogo aliona pia gati, na katika gati kibanda cha mbao, na katika kibanda mkewe. Zamani aliifagia bahari kutoka mkono mmoja hadi mwingine, taratibu, bila kuruka mahali. Sasa aliifagia haraka ili afike kwenye gati. Bahari kidogo, gati sana. Akamwona nahodha akiegemea dirisha la kibanda. Akamwona nahodha akisema neno, mkewe akicheka kwa kujifunika mdomo. Neno gani hilo? Yeye mwenyewe alikuwa amesema mangapi nyumbani mwaka ule, na ni lini mara ya mwisho mkewe alijifunika mdomo?

Lililomchoma zaidi ni lile "shemeji." Nahodha alimwita muuza tiketi shemeji, na mumewe akamwita kaka, kwa adabu zote. Wa Juu alilisikia mara moja kwenye redio, "Shemeji, wamebaki wangapi?" na tangu siku hiyo neno hilo likawa linamkwaruza. Udugu wenyewe wa lini? Nani aliwakutanisha? Alijua fika kwamba mtu wa heshima humwita mke wa mwenzake shemeji, na kwamba angemwita jina lake tupu angekasirika maradufu. Wivu hauna kazi na hesabu kama hizo.

Jioni aliuliza kwa kuzunguka.

"Leo mlikuwa na furaha huko chini."

"Furaha gani?"

"Nasikia mlicheka."

"Unasikia kutoka kilimani?" Mkewe alikuwa akikunja nguo, hakuinua kichwa. "Baba watoto, ile darubini ni ya nyangumi. Mimi sina pumzi ya kuruka juu."

Wa Juu akajifanya hamnazo, akalala akiwa ameugeukia ukuta.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Meli kubwa nyeupe iliingia asubuhi, ghorofa juu ya ghorofa, ikasimama gatini ikaziba nusu ya anga. Wageni wakateremka na kofia zao, na kama kawaida wakakuta boti mbili zinawangoja. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mnene aliyeitwa Polepole. Boti yake pana, kongwe, haina mtu wa kutazama kilimani. Inazunguka tu karibu na pwani, ikikutana na nyangumi ni heri, isipokutana wageni wanaonyeshwa ndege. Ya pili ndiyo hii ya nahodha mpya, nyembamba, yenye mbio, yenye Wa Juu. Mgeni alikuwa na nusu siku tu kabla ya meli kung'oa nanga, kwa hiyo akichagua vibaya ndiyo basi. Hakuna kurudi kesho.

Wa Juu akiwa kilimani aliwaona wengi wakipita huku na huku kati ya vibanda viwili. Macho yake yakatua kwa bibi mmoja mwenye kofia pana na fimbo. Bibi alisimama mbele ya mkewe muda mrefu. Akaelekeza fimbo kwenye boti ya Polepole, akaelekeza kwenye boti nyembamba, akatikisa kichwa. Nahodha naye akasogea, bila shaka, angekosaje? Wakaongea watatu. Kisha mkewe akatoka kibandani, akanyoosha mkono, akaonyesha juu. Juu hapa kilimani, kwake. Nahodha akaangalia juu, akasema kitu, na wote watatu wakacheka.

Damu ilimchemka Wa Juu mpaka masikioni. Aliishusha darubini kama vile wangemwona, akaikumbatia kifuani. Walikuwa wanamcheka. Mume yuko juu ya mawe kama kunguru, goti bovu, na wao wako chini kwenye kivuli wanamwonyesha kidole. Alipoiinua tena darubini aliona jambo ambalo hakulitarajia hata katika ndoto mbaya. Mkewe alikuwa anafunga dirisha la kibanda. Akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi. Nahodha akamletea jaketi la kujiokolea, la rangi ya machungwa, akamvisha, akainama mbele yake, akaanza kumfunga kamba za kifuani, moja baada ya nyingine. Wala hakuwa na haraka.

Kisha mkewe akapanda boti.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, ujue kwamba mwanamke huyu alizaliwa na kukulia karibu na maji lakini hakuwahi kuyapanda. Aliogopa bahari kama wengine wanavyoogopa nyoka. Walipokuwa wachumba Wa Juu alimwomba wazunguke bandari kwa mtumbwi wa kuazima, jioni moja tulivu, akajibiwa, "Mimi na maji tunasalimiana kwa mbali." Akamwomba tena walipooana. Akamwomba binti alipozaliwa. Miaka yote ile jibu lilikuwa hilohilo, naye akalipokea, akajua mkewe ndivyo alivyo. Kumbe hivyo alivyo kulikuwa kunabadilika akiombwa na mwingine!

"Mimi alinikataa," alisema kwa sauti, peke yake, kwenye mawe. "Mimi!"

Boti ikaondoka gatini, nyuma ikiacha mkia mweupe. Na hapohapo, maana bahari nayo ina vituko vyake, nyangumi wakatokea.

Walikuwa wawili, mama na mtoto. Hawakuwa mbali. Walikuwa chini kabisa ya kilima, ndani ya maji ya kijani yaliyokingwa na miamba, mahali ambapo hata mtu asiye na darubini angewaona kama angeinama. Mama alikuwa ametulia kama boti iliyopinduka, na mtoto alimpanda mgongoni, akateleza, akampanda tena. Pumzi zao zilipanda moja nene, moja nyembamba. Wa Juu alikuwa ameona nyangumi wengi maishani, lakini wa karibu namna hii, na watulivu namna hii, hakumbuki.

Redio ikakwaruza. "Juu, Juu, hapa Chini. Habari za huko, kaka? Tuelekee wapi?"

Sauti ilikuwa na furaha. Kwa nini iwe na furaha? Wa Juu aliushika mkono wake wenye redio kwa mkono mwingine. Aliwatazama nyangumi. Akaitazama boti, ambamo doa moja la machungwa lilikuwa limekaa mbele, karibu na usukani. Akilini mwake aliona mambo yatakavyokwenda. Boti itageuka, itafika hapa chini kufumba na kufumbua, mkewe ataona nyangumi wake wa kwanza, na atakayesimama pembeni yake akimwonyesha kwa kidole ni yule mwenye meno. Nyangumi wa kwanza! Huyo alikuwa wake Wa Juu kumwonyesha. Kama si yeye, basi asiwe mtu.

"Nyoosha," akasema. "Pita mwamba wa Jino, toka nje kabisa. Wako kule."

"Nje? Kule kuna mawimbi leo, kaka."

"Wewe unaona au mimi ndiye ninayeona?"

"Wewe ndiye. Tunakwenda."

Akaona boti ikiongeza mwendo, ikiupa mgongo mlango wa ghuba. Moyo wake ulijaa utamu ule mbaya, utamu wa mtu anayekwangua kidonda. Acha waende. Acha mawimbi yawarushe. Mkewe atatapika, atalia, ataapa kutopanda tena. Nahodha atarudi mikono mitupu mbele ya wageni, na meno yake hatakuwa na sababu ya kuyaonyesha.

Muda ukapita. Redio ikakwaruza tena, lakini sauti haikuwa ya nahodha.

"Baba watoto? Unanisikia? Ninabonyeza hapa, sijui kama ndipo."

Wa Juu alisimama wima bila kujijua. Hakuwahi kuisikia sauti ya mkewe kwenye chombo hicho. Ilikuwa nyembamba, imebanwa na upepo.

"Nakusikia."

"Bibi anauliza tumekaribia? Huku kunarusharusha. Mimi nimeshika chuma, siachii."

Hapa, msomaji, palikuwa na mlango ulio wazi. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, rudini. Angeweza kusema wamehama, wameingia ndani, rudini chini ya kilima. Hata uongo huo ungekuwa uongo wa maana, na hakuna ambaye angejua. Alifumbua mdomo aseme. Lakini nyuma ya sauti ya mkewe akasikia nyingine, ya kiume, karibu sana na redio, ikisema, "Usiogope, shemeji, shikilia hivyohivyo."

"Endeleeni mbele," akasema Wa Juu.

"Haya," akasema mkewe. "Nimewaambia wasiwe na wasiwasi."

Wa Juu akabaki na redio mkononi. Neno lile la mwisho lilimkaa vibaya, hakujua kwa nini. Akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Angesema nini? Kwamba nyangumi wamesafiri kwa miguu? Kadiri alivyosubiri ndivyo kurudi nyuma kulivyokuwa kugumu, na boti ilikuwa imeshapita Jino, inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea.

Wakati huo Polepole akazunguka ncha ya kilima. Hakuwa anatafuta kitu, alikuwa anaonyesha ndege. Boti yake pana ikaingia kwenye maji ya kijani, na ghafla injini ikanyamaza. Wa Juu aliwaona wageni wakisimama wote kwa pamoja, boti ikalala upande. Kelele zao zilimfikia mpaka juu, bila redio. Mtoto wa nyangumi alikuja mpaka ubavuni, akatoa kichwa, akawatazama. Watu walikuwa wanalia kwa furaha, watu wazima, wanashikana mabega. Wa Juu aliyatazama yote, maana kutazama ndiyo kazi yake, na safari hii hapakuwa na pa kugeuzia macho.

Meli ilipopiga honi ya kwanza ya kuita abiria wake, alianza kushuka. Kwa kawaida hushuka meli ikishaondoka, akilibembeleza goti. Siku hiyo alishuka karibu kwa kukimbia. Njiani alipanga maneno. Atasema ukungu. Atasema jua lilimpiga machoni. Na chini ya maneno hayo yote, tusimfichie, bado kulikuwa na hamu ya kumwona nahodha akiaibika mkewe akiwepo.

Alikuta gati limechafuka. Wageni wa Polepole wanaonyeshana picha, wanapiga kelele. Wageni wa boti nyembamba wanapanda ngazi wamelowa, nyuso zimefubaa, mmoja amejifunika taulo. Bibi mwenye kofia pana, kofia sasa imelegea kama jani la mboga lililochemshwa, alikuwa ameshikwa mkono na muuza tiketi. Bwana mmoja mkubwa, ndevu zikidondosha maji, alikuwa amemsimamia nahodha.

"Wenzetu wamewakuta hapo chini ya kilima! Hapo! Chini ya pua ya huyo mtu wenu. Alikuwa amelala, au ni kipofu?"

Watu wakasogea wasikie. Wa Juu alisimama nyuma ya mapipa. Nahodha alivua kofia yake.

"Hakulala, bwana, na si kipofu. Yeye alinielekeza hapo chini ya kilima. Mimi ndiye niliyejifanya najua, nikaona nijaribu nje, huenda kuna wengi zaidi. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe, na hela zenu nitawarudishia."

"Basi wewe ni mjinga," alisema yule bwana.

"Leo, ndiyo," alisema nahodha.

Muuza tiketi alikuwa amekaa kando ya usukani safari nzima, aliisikia redio kila ilipofunguka mdomo, na mara moja aliibonyeza yeye mwenyewe. Alimtazama nahodha kwa muda mrefu. Kisha akageuza kichwa, akamwona mumewe nyuma ya mapipa.

Bibi akamgusa shavu. "Usihuzunike, mwanangu. Nilichagua mwenyewe. Bahari nimeiona, na mimi na wewe tumeshikana mikono kama wasichana." Akaenda zake na fimbo yake, polepole, kwenye ngazi za meli, hakugeuka tena.

Nahodha alipompita Wa Juu, alipunguza mwendo kidogo. "Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "kuna siku macho huchoka." Hakungoja jibu. Wa Juu angependa apigwe kofi. Kofi angelirudisha.

Nyumbani ni vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, na harufu ya gundi hupanda ngazini mpaka jikoni. Mkewe alivua sketi iliyojaa chumvi, akaiweka kwenye beseni, akaanza kuifua. Wa Juu alikaa kwenye kiti cha mto mwekundu, akiwa na majibu yake tayari kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Maswali hayakuja. Hatimaye akashindwa yeye.

"Kulikuwa na ukungu kidogo," alisema.

"Hakukuwa na ukungu."

"Jua, basi. Jua likipiga maji…"

"Baba watoto." Alikamua sketi. "Uliwaona?"

Alitaka kusema hapana. Mdomo uliandaa hapana. "Niliwaona," alisema.

Mkewe akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. "Kwa nini, basi?"

"Alikufunga kamba za jaketi."

Akasikia jinsi neno hilo lilivyotoka dogo, la kitoto, katika chumba hicho chenye harufu ya gundi. Akaongeza haraka, "Na mlinicheka. Mlinionyesha kidole, mkacheka. Nilikuona. Na mimi nilikuomba mara ngapi upande mtumbwi, ukakataa?"

Mkewe aliiacha sketi ndani ya beseni, akakausha mikono, akaja akakaa kwenye kiti cha pili.

"Yule bibi alikuwa hajui achague boti gani," alisema. "Aliniambia, 'Wewe ni muuzaji, utaisifu ya kwako. Ungekuwa mimi ungepanda ipi?' Nikamwambia, hii. Kwa sababu juu ya kile kilima yuko mume wangu, na mume wangu hajawahi kusema nyangumi yuko mahali ambapo hayuko. Ndivyo ninavyouza tiketi. Miaka yote. Wewe hukujua?"

Wa Juu hakujua. Darubini haina masikio.

"Nahodha akasema, 'Kweli, bibi, mimi ni dereva tu, macho ni ya yule pale.' Bibi akasema, 'Kama unamwamini hivyo, panda na wewe, nami nitapanda.' Tukacheka, kwa sababu alinibana pazuri. Ningesema nini? Kwamba namwamini mume wangu lakini kwa nchi kavu tu?" Alitazama mikono yake. "Kamba nilishindwa kuzifunga mwenyewe. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Wewe uliniomba nipande kwa ajili ya kutembea, nikaogopa. Leo nilipanda kwa ajili ya neno lako."

Hapo Wa Juu aliteremka kutoka kitini, akachuchumaa mbele yake licha ya goti. "Mama watoto, nisamehe. Nilipatwa na wivu. Mtu akipatwa na wivu…"

"Nimekusikia." Haikuwa sauti ya hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha. Hasira angejua pa kuishika. "Nilijua muda mrefu kwamba unatutazama. Nilikuwa naona ni upuuzi tu, nikasema utaisha. Maana hakukuwa na kitu. Yule mtu kwangu alikuwa kama nguzo ya gati. Ameleta mto, asante. Amesema mzaha, nimecheka. Ungeniuliza macho yake yana rangi gani, nisingeweza kukwambia."

"Najua. Sasa najua."

Akainuka, akarudi kwenye beseni. Aliinua sketi, akaiangalia kama chumvi imetoka, akaitandaza kwenye kamba ya dirishani, akaibana kwa vibanio. Huko nje meli nyeupe ilikuwa inageuka taratibu, inaondoka na yule bibi mwenye kofia.

"Leo alisimama mbele ya watu wote akaitwa mjinga kwa ajili yako," alisema, bado amempa mgongo. "Mwaka mzima nafanya kazi na yule bwana, sikuwahi kumtazama. Leo nimemtazama."

Wa Juu alibaki amechuchumaa pale chini. Alisubiri mkewe aongeze neno, hata la matusi. Mkewe alikuwa amemaliza kuanika, akachukua birika, akaingia jikoni kuchemsha maji ya chai.